Mkuu wa Stesheni na Kuku Tisa wa Mkewe

Kama nyumbani kwenu kuna kuku, au kuna baba aliyestaafu, au vyote viwili, kaa chini uisome hii taratibu. Ukimaliza utajua mwenyewe wa kumtumia.

Katika mji mmoja mdogo kando ya reli aliishi mzee aitwaye Ndahani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkuu wa stesheni. Treni zilichelewa, tena sana, lakini yeye hakuchelewa hata siku moja. Suruali yake ilikuwa imenyooka, filimbi iko shingoni, na mtu akisimama mbele ya mstari wa jukwaa alirudishwa nyuma bila kujali ni mkulima au ni mbunge. Siku ya kustaafu alirudi nyumbani na kofia yake na filimbi yake, akakuta nyumbani hakuna treni.

Kulikuwa na kuku tisa wa mkewe.

Mkewe, Foibe, aliwajua kuku wale kama mwalimu anavyolijua darasa lake. Kila mmoja alikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na sababu. Ndahani hakuwahi kuyashika majina hayo. Kwake kuku alikuwa kuku, na kazi ya kuku ilikuwa kutaga na kunyamaza.

Kisha binti yao wa pekee, Perusi, aliyekuwa akiishi Morogoro na mumewe, akajifungua kwa upasuaji. Foibe akafunga mizigo siku hiyo hiyo.

"Nitakaa mpaka mtoto afikishe arobaini," alimwambia mumewe. "Kuku waangalie tu. Asubuhi wafungulie, jioni wafungie. Mtama kidogo, maji. Usifanye kingine."

"Siku arobaini nikae nawaangalia tu?"

"Ndiyo, Baba Perusi. Waangalie tu."

Ndahani alimbebea begi mpaka kituo cha basi. Salamu za kumpelekea binti hakutoa, na Foibe hakumwomba.

Asubuhi iliyofuata alifungua banda saa kumi na mbili na nusu kamili. Aliyetoka kwanza ni kuku mweusi mwenye shingo nene, ambaye Foibe alimwita Bi Mkubwa. Badala ya kwenda kula, Bi Mkubwa alisimama mlangoni akamdonoa kila aliyepita, mmoja mmoja, kama mkaguzi wa tiketi. Waliodonolewa hawakulalamika. Walishusha kichwa, wakapita.

"Huyu ni mwonevu," Ndahani alisema peke yake.

Alipoingia ndani kunywa chai, alimkuta Mdadisi juu ya meza. Mdadisi alikuwa kuku mwekundu wa shingo tupu, na hapakuwa na mlango aliouheshimu. Alikuwa ameshaonja chai. Sasa alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati la vyombo, kichwa upande, kama anayejiuliza huyu mgeni amekuja lini. Ndahani alimfukuza. Mdadisi akatoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa wa nyuma.

Palikuwa na Mlalamishi, aliyetaga yai moja na kulitangaza mtaa mzima kwa nusu saa. Siku ambazo hakutaga alilalamika zaidi. Palikuwa na Mwoga, aliyekimbia kivuli chake mwenyewe, na akikimbia yeye, wote walikimbia bila kuuliza kuna nini. Palikuwa na Pacha wawili, ndugu wa tumbo moja, ambao hawakuachana hata hatua tatu, hivi kwamba ukitaka kumpita mmoja unamkanyaga mwenzake.

Jogoo aliitwa Saa Mbovu. Aliwika saa nne asubuhi. Aliwika saa nane mchana. Aliwika saa kumi na dakika ishirini, na kesho yake saa kumi na moja kasorobo. Kwa mtu aliyeishi kwa ratiba miaka thelathini na moja, hili lilikuwa jambo la kuumwa nalo kichwa. Zaidi ya hapo, jogoo yule akiokota punje ya mtama hakuila. Aliiweka chini, akawaita majike waje waile. Ndahani alimtazama akatikisa kichwa.

Na palikuwa na Mtoro, kuku mweupe. Viota vilikuwepo, vyenye nyasi safi, lakini Mtoro hakutaka kuvisikia. Leo alitaga kwenye kapu la nguo chafu, kesho nyuma ya gunia la mkaa. Jumapili ile Ndahani alichukua kofia yake ya stesheni kutoka kwenye kiti, akaivaa bila kuitazama, akaanza safari ya kanisani. Yai lilimpasukia utosini na kumshukia mpaka kwenye kola. Alirudi nyumbani kuoga, akafika kanisani wakati wa sadaka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuchelewa mahali.

Hapo ndipo aliposema basi.

Alibomoa kreti ya zamani, akatengeneza visanduku vinane, kimoja kwa kila jike, akavipanga ukutani mstari mmoja ulionyooka. Akavipaka rangi na kuviandika namba, moja mpaka nane. Akapanga saa za chakula: saa moja, saa saba na saa kumi na moja. Saa ikifika alisimama katikati ya uwanja, akapuliza filimbi.

Filimbi ya kwanza ilimfanya Mwoga aruke mpaka juu ya paa la choo. Wenzake wakatawanyika kila mmoja njia yake.

Jirani yake, Mama Elieza, aliyekuwa akianika mahindi upande wa pili wa ua, alisimama akatazama. "Shemeji, naona stesheni imefunguliwa tena."

"Utaratibu, Mama Elieza. Ndio uliokosekana hapa."

"Naona. Ila abiria wamekataa kupanda."

Ndahani alimkamata Bi Mkubwa, akamfunika kwa tenga karibu na karo. "Utakaa humo mpaka ujifunze," alimwambia. Mwonevu akiondoka, alifikiri, amani itakuja yenyewe.

Amani haikuja. Kufika mchana majike walikuwa wanapigana. Walianza Mlalamishi na Mdadisi, wakafuata wengine, kila mmoja na kila mwenzake, manyoya yakiruka kama mtu amepasua mto. Kesho yake Pacha nao, ambao hawakuwahi kuachana, walitoana damu kwenye vishungi. Mwoga hakushuka tena kutoka paa la choo isipokuwa kunywa maji. Siku tatu hakuna aliyetaga. Mlalamishi alinyamaza kabisa, na ukimya wake ukamkera Ndahani kuliko kelele zake.

Alipuliza filimbi, akapaza sauti, akakimbia huku na huku na fagio mkononi. Jioni aliketi mlangoni anahema, akiwatazama kama watu waliomdhulumu. Abiria mia nne aliwahi kuwapanga jukwaani siku ya mvua. Ndege wanane walikuwa wamemshinda.

Akabaki mmoja tu ambaye hakupigana na mtu. Huyo aliitwa Tulia.

Tulia alikuwa anaatamia. Nyuma ya jiko la nje palikuwa na toroli kuukuu, lisilo na gurudumu, limeinama upande mmoja, limejaa majani makavu. Humo Foibe alikuwa amempangia mayai kumi na mawili, kwa sababu humo ndimo Tulia mwenyewe alimochagua. Siku kumi na nne alikuwa ametulia mle, akitoka mara moja tu kwa siku kula na kurudi mbio. Foibe aliwahi kusema vifaranga vile ni vya mtoto mchanga, ili akue na kitu chake.

Ndahani alilitazama toroli lile lililopinda, kisha akatazama kisanduku namba nane, kilichonyooka, chenye kivuli, kitupu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Akaleta beseni, akatandika kitenge.

Tulia alimdonoa mkono mara mbili. Ndahani alimwondoa hivyo hivyo, akayahamisha mayai yote bila kuvunja hata moja, akamweka Tulia juu yake ndani ya namba nane. Akarudi nyuma kutazama kazi yake.

Tulia alisimama. Akatoka. Akatembea polepole uwanja mzima, akaenda nyuma ya jiko, akapanda torolini, akakaa juu ya majani matupu. Akafumba macho.

Ndahani alimfuata, akamrudisha. Tulia akatoka tena. Mara ya tatu Ndahani alimwonyesha mayai, moja moja, akiyainua mbele ya uso wake. "Haya hapa. Ni yako. Kule unakalia nini?" Tulia aliyatazama kama mtu anayeonyeshwa picha za ukoo usio wake. Mara ya nne Ndahani alifunga kisanduku kwa ubao, na Tulia akajigonga ndani mpaka yai moja likapasuka. Ndahani akauondoa ubao haraka.

Mara ya tano jua lilikuwa utosini. Jasho lilimtoka, mkono ulikuwa na alama za mdomo wa kuku, na hasira ilikuwa imempanda. Alimshika Tulia kwa mikono miwili, akamwinua mpaka macho yao yakawa sawa.

"Kama huwezi kukaa nilipokuweka," alisema, "basi..."

Hakumaliza. Maneno yale alikuwa ameshayasema.

Aliyasema miaka mitano nyuma, sebuleni, kwa binti yake. Perusi alipomaliza kidato cha nne alitaka kujifunza kuchomelea vyuma. Baba yake hakubishana naye. Alimjazia tu fomu za chuo cha uhazili, akamtafutia chumba, akamnunulia viatu vya ofisini, akampeleka. Baada ya miezi miwili Perusi alirudi na sanduku lake. Ndahani akamwambia, kama huwezi kukaa nilipokuweka, basi usikae hapa. Perusi alichukua sanduku, akaenda kwa shangazi yake Morogoro, akajifunza kuchomelea, akaolewa na fundi mwenzake. Tangu siku hiyo baba na binti hawakuwa wamesemezana.

Ndahani alimweka Tulia chini. Tulia akaenda zake torolini.

Alitoa simu, akampigia mkewe.

"Haloo," sauti ilisema. "Shikamoo, baba."

Aliiondoa simu sikioni, akaangalia kama amekosea namba. Hakuwa amekosea.

"Marahaba," alisema. "Mama yako yuko wapi?"

"Anamwogesha mtoto."

Angeweza kusema atapiga baadaye. Lakini mayai yalikuwa yanapoa.

"Kuku wa mama yako ameyakataa mayai," alisema.

"Yupi?"

"Yule wa torolini."

"Tulia? Tulia hawezi kukataa mayai. Amefanywa nini?"

"Nilimhamisha."

"Kwa nini?"

Ndahani alitaka kueleza kuhusu visanduku, namba na mstari ulionyooka. Alifungua mdomo, likatoka jambo moja tu. "Toroli limepinda."

Perusi hakucheka. Pengine alijizuia. "Sasa hivi yuko wapi?"

"Amerudi humo humo. Amekalia majani."

"Na mayai bado yana joto? Yaguse kwa nyuma ya mkono."

Aliyagusa. "Vuguvugu. Jua ni kali huku."

"Basi mrudishie, baba. Yapeleke pale pale alipo. Usimwondoe. Ingiza moja moja chini ya kifua. Atakudonoa, mwache akudonoe. Yeye hajali sanduku zuri. Ameshachagua mahali."

"Na yule mweusi nimemfunika kwa tenga. Anawaonea wenzake."

"Mfungulie. Anawadonoa, ndiyo, lakini akishawadonoa kila mmoja anajua zamu yake. Asipokuwepo wote wanataka kuwa yeye. Wameshaanza kupigana?"

"Wana siku nne. Wewe umewajuaje? Hujafika hapa miaka mitano."

"Mama hunisimulia. Kila Jumapili baada ya ibada."

Ndahani alizikumbuka Jumapili hizo. Foibe na simu yake uani, anacheka, na yeye sebuleni amefungua redio, akiamini mkewe anaongea na wanakwaya wenzake.

"Na kidonda?" aliuliza.

"Kinapona."

Maagizo matatu yalikuwa tayari mdomoni mwake: asinyanyue ndoo, anywe supu, asipande ngazi. Yalikuwa maagizo mazuri. Aliyameza kwa shida.

"Nikusaidie nini?" aliuliza.

"Ngoja nifikirie, baba," Perusi alisema. "Sikulitegemea hilo."

Ndahani aliyarudisha mayai kumi na moja, moja moja. Tulia alimdonoa mara kumi na moja. Kisha akajitanua, akayageuza kwa mdomo, akayavuta chini ya mbawa na kutulia. Ndahani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimtazama, bila kufanya kingine, mpaka jua likapungua makali.

Kisha akainua tenga. Bi Mkubwa alijikung'uta, akazunguka uwanja mzima, akamdonoa kila mmoja mara moja. Ilipofika jioni Pacha walikuwa wanatembea pamoja, na Mwoga ameshuka. Mlalamishi akaanza kulalamika.

"Haya, lalamika," Ndahani alimwambia.

Usidhani aliwapenda. Saa Mbovu alimkera mpaka mwisho, Mdadisi alivunja kikombe, na Mtoro aliendelea kutaga alikotaka. Ila Ndahani alijifunza kuitazama kofia kabla ya kuivaa. Wiki moja baadaye vifaranga tisa vilichungulia chini ya Tulia. Mtu wa kwanza aliyempigia simu hakuwa mkewe.

"Tisa," alisema.

"Kati ya kumi na moja, wametoka wengi," Perusi alijibu. "Baba, nimeshafikiria. Mtoto akifikisha arobaini nataka kuja kupumzika nyumbani. Kama hutanipangia."

"Sitakupangia."

Walifika Jumamosi kwa basi la mchana, Foibe na mifuko, Perusi na mtoto mgongoni. Wakati Perusi amekwenda kuangalia vifaranga, Foibe aliketi karibu na mumewe akavua viatu.

"Siku ile ulipopiga," alisema, "mtoto nilikuwa nimeshamwogesha."

Ndahani alimtazama.

"Niliona jina lako, nikampa Perusi simu, nikamwambia aseme namwogesha. Wewe ukitafutwa unakimbia. Ukiachwa, unakuja mwenyewe."

Ndahani alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Aliinuka, akamfuata binti yake. "Ungependa kulala chumba gani?"

Perusi alionyesha stoo, ile ya uani yenye mlango wa chuma, aliyokuwa akiitumia baba yake kuhifadhi mabuku ya reli, taa za zamani na makopo ya rangi. Ilikuwa na joto. Dirisha lilikuwa dogo. Chumba cha wageni kilikuwa kimefagiliwa tangu Alhamisi, kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa.

Ndahani alivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia. Akaanza kutoa mabuku.

Alipofika kwenye mlango akasema, "Huu unakwaruza chini. Bawaba imekatika."

Perusi aliinama akaitazama bawaba, akaigusa kwa kidole. "Ndogo hii. Mjini nitapata mashine ya kuazima. Kesho kutwa naichomelea."

Mwanamke mwenye mshono wa siku arobaini, na mtoto mchanga, anataka kushika moto. Ndahani alikuwa na mengi ya kusema juu ya jambo hilo, na yote yalikuwa ya kweli.

"Basi mtoto nitamshika mimi," alisema.

Funzo: Kabla hujampangia mtu mahali pa kukaa, muulize kwanza, kwa maana utaratibu unaokupendeza wewe unaweza kuwa ndio unaomfukuza unayempenda.